Fungueni makabati, vitabu vichakae mikononi mwa watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa shule za sekondari, bodi za shule na wazazi wenzangu wa hapa Moshi. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kipo Majengo na kazi yangu kubwa ni sare za shule: sketi za malinda, suruali, mashati. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili nawapima kwa futi kamba watoto wanaoingia Kidato cha Kwanza, na wengi wao wananirudia kila mwaka kuongeza pindo mpaka wanamaliza cha Nne. Nawafahamu kwa urefu wa miguu, na siku hizi nawafahamu pia kwa vitabu.

Mwezi wa tatu nilihudhuria kikao cha wazazi katika shule anayosoma binti yangu wa mwisho, yuko Kidato cha Tatu. Jina la shule nitaliacha, maana ninachokisema nimekikuta zaidi ya mahali pamoja. Tulizungumza chakula cha mchana, tukazungumza matokeo, tukazungumza nywele. Kikao kilipoisha nikapita ofisi ya taaluma kuchukua ripoti ya mtoto. Pembeni ya meza kulikuwa na kabati la chuma lenye vioo, na ndani yake vitabu vya hadithi vimepangwa vizuri kama sahani za wageni. Nikahesabu migongo kwa macho, nikafika sitini na kitu. Vingine bado vimo ndani ya nailoni yake. Kufuli lilikuwa kubwa kuliko la duka langu.

Nikamuuliza mwalimu aliyekuwa pale, kijana mpole sana, watoto wanaviazima lini. Akasema, "Mama, vile ni vya ziada. Vikipotea tunadaiwa sisi." Akanieleza kwamba mwenzake aliyekuwa akitunza stoo kabla yake aliwahi kulipia vitabu vinne kutoka mfukoni siku ya makabidhiano. Tangu hapo funguo hazitoki.

Sikumlaumu na simlaumu leo. Mwalimu ana mshahara wake na watoto wake. Lakini niliondoka pale moyo ukiniuma, na ndiyo sababu ya barua hii.

Usiku ule nikamuuliza binti yangu kuhusu riwaya mbili za Kiswahili wanazojiandaa nazo kwa mtihani wa Kidato cha Nne. Akanitajia majina bila kusita, akanitajia wahusika, dhamira, ujumbe, matumizi ya lugha. Nikafurahi. Nikamwambia, haya, nisimulie basi, ilikuwaje? Mwanzo walikuwa wakiishi wapi? Akanyamaza. Halafu akasema, "Mama, kitabu chenyewe sijakisoma. Nimesoma uchambuzi."

Darasani kwao wako hamsini na wanane, na nakala zinazozunguka ni mbili. Kwa hiyo wanatumia vijitabu vya uchambuzi, au madesa yaliyopigwa fotokopi mpaka maandishi yamefifia. Mtoto anakariri kwamba mhusika fulani ni mvumilivu kabla hajamwona akivumilia chochote. Anamjua kama tunavyomjua marehemu kwa wasifu unaosomwa msibani: alizaliwa, alisoma, alipenda watu, ameacha mjane na watoto. Na hizo ni riwaya zinazotahiniwa. Je, zile ambazo hazimo kwenye mtihani, nani atazifungulia kufuli?

Sasa niseme la kwangu. Aprili 2022 mvua ilikuwa kubwa, na msichana mmoja wa Kidato cha Pili alikuja nimshonee sketi iliyofumuka. Umeme ukakatika. Nikawa nashona kwa cherehani ya mguu, yeye amekaa kwenye benchi. Mezani kulikuwa na kitabu changu cha hadithi, nilichokuwa nasoma wateja wakipungua. Akakichukua. Nilipomaliza sketi hakusikia nilipomwita. Nikamwita tena. Akasimama, akaivaa sketi juu ya ile aliyokuja nayo, huku jicho liko kwenye ukurasa. Mvua ilipokatika akaniambia, "Shikamoo mama," (alikuwa ameshaniamkia alipoingia, alisahau) "naomba niende nacho. Nitakirudisha kesho." Alikirudisha baada ya siku mbili, na alikuja na wenzake wawili.

Wakati ule nilikuwa na vitabu saba. Nikachukua tranka la mwanangu aliyemaliza bweni, nikaliweka chini ya meza ya kukatia. Leo lina vitabu mia moja arobaini na vitatu. Vingi nimevinunua kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandika chini, kwa bei ya sahani ya chipsi mayai au pungufu. Vingine vimeletwa na wateja. Naandika kwenye kaunta buku: jina, shule, kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Faini sitozi. Ukipoteza, uniambie tu.

Nimepiga hesabu ya kaunta buku kabla ya kuandika barua hii, kwa sababu najua kitakachoulizwa. Tangu nianze, vitabu kumi na viwili havijarudi. Kimoja kilikwenda Dodoma na mtoto aliyehamishwa na wazazi wake. Kimoja kililiwa na mbuzi, na nililetewa jalada kama ushahidi. Vilivyobaki sijui viko wapi, na naomba Mungu viwe vinasomwa. Vitabu kumi na viwili kwa miaka yote hiyo, kwa watoto ambao hakuna anayewalazimisha wala kuwaadhibu. Ikiwa kibanda cha fundi kinaweza kubeba hasara hiyo, shule inaogopa nini?

Kinachotokea zaidi ni kuchakaa, na kuchakaa nakujua, ndiyo kazi yangu. Kitabu kilichoazimwa mara ishirini huanza kufa mgongoni. Gundi ya kiwandani inakauka, inapasuka, karatasi za katikati zinachomoka kwanza. Ukiliacha hilo wiki moja, umepoteza sura nzima. Mimi huzipanga karatasi zote, nikazigonga mezani mpaka zimelingana, nikazibana kati ya vipande viwili vya ubao. Natoboa matundu matano pembeni ya mgongo kwa msumari mwembamba, nusu sentimita kutoka ukingoni, isizidi, la sivyo maneno yanamezwa na mshono. Halafu napitisha shazia na uzi wa nailoni niliousugua kwenye mshumaa ili usiteleze. Kwenda na kurudi, fundo ndani. Mgongo naupaka gundi nyeupe ya seremala, nauvisha kipande cha kitenge au cha kitambaa cha sare kilichobaki, nauwekea jiwe usiku kucha. Asubuhi kitabu kinafunguka na kufungwa bila kulia. Watoto wanavijua kwa mavazi yake. Wanasema "nataka kile cha sketi ya bluu" au "kile cha kitenge cha mapera". Kitabu kilichopita mikononi mwangu mara mbili kina nguvu kuliko kilichotoka dukani.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba kabati limefungwa ili vitabu visichakae, nasikia kama mtu anayenunua sare akaiweka sandukuni mpaka mtoto amemaliza shule.

Wapo watakaosema watoto hawataki kusoma, wako kwenye simu. Watoto wengi ninaowashonea hawana simu, na shuleni haziruhusiwi. Hilo naomba tuliache.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi, nayo nimeletewa na mzazi ana kwa ana. Baba mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, dereva wa haisi, alikuja amekunja uso akiwa na kitabu changu mkononi.

"Mama fundi, huyu kijana ana mtihani wa Kidato cha Pili Novemba. Nimemkuta saa tano usiku na hadithi. Nalipa tuisheni ili asome, wewe unampa hadithi."

Nikamwambia, "Karibu ukae, baba. Hiyo ni ya lugha gani?"

Akaifungua. Ilikuwa ya Kiingereza, vile vijitabu vyembamba vilivyoandikwa kwa maneno machache. Nikamwomba amuite kijana, alikuwa nje kwenye gari. Nikamwambia kijana amsimulie baba yake habari ya kitabu kile. Akaanza kwa aibu, macho chini, kisha akasahau aibu. Akaeleza yule mvuvi alivyoficha nyavu, akaeleza mke wake alivyojua na kunyamaza. Baba akamkatiza, "Kwa nini alinyamaza?" Kijana akasema, "Hawajaandika. Mimi nadhani alikuwa anamsubiri akiri mwenyewe." Wakabishana pale kwenye benchi langu, baba na mwana, mpaka konda akapiga honi. Baba alipoondoka hakusema neno juu ya kitabu. Kijana wake bado anakuja kuazima.

Nawaelewa wazazi wa namna ile. Kwetu neno kusoma limebanwa likawa ni daftari, notisi na maswali ya mitihani iliyopita. Mtoto akiwa na hadithi tunasema anacheza. Lakini fikirieni Kidato cha Kwanza kinavyoanza. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma miaka yote kwa Kiswahili. Januari anaamka, na biolojia, jiografia, historia, hesabu, vyote ni Kiingereza. Anapewa wiki chache za kozi ya awali, basi. Baada ya hapo Kiingereza anachokutana nacho ni kile cha ubaoni, sentensi za kunakili. Atakizoea wapi? Lugha inaingia kwa kukutana nayo mara nyingi mahali ambapo una hamu ya kujua kinachofuata. Mtoto anayetafuta nani kaiba ng'ombe hatahesabu maneno magumu, atayaruka, na yakirudi mara ya nne atakuwa ameshayajua.

Nayasema haya kwa kuwa yalinitokea. Mwaka 1989 nilikuwa Kidato cha Pili, na Kiingereza changu kilikuwa "yes" na "no" na wimbo wa asubuhi. Mwalimu wetu akaingia darasani na sanduku. Ndani yake kulikuwa na vijitabu, kila kimoja kimebandikwa alama ya rangi kuonyesha ugumu wake. Ijumaa, kipindi cha mwisho, kila mmoja alichagua chake, na mwalimu naye akachagua, akakaa mbele yetu akasoma. Hakuuliza swali. Hakukusanya madaftari. Dakika arobaini darasa zima kimya, unasikia karatasi na kunguru wa nje. Mwanzoni nilikuwa naangalia picha tu. Wiki ya nne au ya tano nikakuta kengele imelia na sijaisikia.

Kitabu changu cha kwanza kukimaliza sikukimaliza, maana karatasi mbili za mwisho zilikuwa zimechanika. Nilikwenda nyumbani Kibosho likizo nikiwa na dukuduku. Tukiwa shambani na mama tunachuma kahawa nikamsimulia hadithi yote kwa Kichagga. Mama alikuwa hajui Kiingereza hata neno. Nilipofika mwisho akauliza, "Halafu?" Nikasema ukurasa umechanika. Akaendelea kuchuma kidogo, kisha akaniuliza, "Wewe unadhani ilikuwaje?" Hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza swali kama lile. Nilimpa mwisho wa kwangu, akaukataa, akanipa wa kwake. Tulikuwa bado tunabishana wakati wa kumenya ndizi.

Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, ndiye aliyenieleza sanduku lile lilitoka wapi. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliandika ripoti baada ya kupima Kiingereza cha wanafunzi wetu, na wakakuta wengi hawakiwezi kiasi cha kujifunzia masomo mengine. Baada ya hapo ukaja mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza sekondari kwa fedha za Uingereza, na vitabu vyepesi vya kujisomea vilikuwa sehemu yake. Mradi ulikuwa na mwisho wake. Vitabu vya shule yetu viliisha kwa kusomwa, kama inavyotakiwa, ila havikununuliwa vingine. Nilipita pale miaka kumi baadaye kuwapelekea sare za kwaya. Sanduku lilikuwa stoo, limejaa chaki.

Mwalimu yule yule alinisomea habari za visiwa vya Fiji, huko bahari ya Pasifiki, ambako nako watoto wanasoma kwa Kiingereza na nyumbani wanazungumza lugha zao. Mwaka 1980 watafiti walipeleka vitabu 250 vya hadithi katika kila darasa la nne na la tano kwenye baadhi ya shule za msingi za vijijini, shule ambazo hazikuwa na vitabu vya kutosha. Madarasa mengine watoto waliachwa wasome kimya kila siku, mengine mwalimu aliwasomea na kuzungumza nao. Yalikuwepo pia madarasa yaliyoendelea na masomo ya Kiingereza kama kawaida. Ulipoisha mwaka wa kwanza, waliopata hadithi walikuwa wamepiga hatua katika kusoma karibu mara mbili ya wenzao. Mwaka wa pili faida ikaenea hadi kwenye kuandika. Walipewa hadithi tu, na mtu wa kuhakikisha zinasomwa.

Na tusidhani ni jambo geni kwetu. Nchi hii ilipitisha sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, Uhuru haujatimiza miaka miwili na nusu. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Mwenyewe, akiwa anaongoza nchi changa, alikwisha kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Maktaba zikafika mikoani, na yetu ya mkoa ipo hapa mjini mpaka leo. Kisha tangu 2004 zikajengwa shule za kata kwa wingi, na nashukuru, maana bila hizo watoto wengi ninaowapima wangeishia darasa la saba. Lakini tulijenga madarasa, tukachangia madawati, na chumba cha vitabu tukakiacha kwa ajili ya baadaye. Mtoto wa Pasua au wa Njoro akitaka maktaba ya mkoa anahitaji nauli na Jumamosi isiyo na kufua wala kuchota maji.

Nasema hivi si kwa kudai majengo. Sanduku la mwaka 1989 halikuwa na jengo.

Ninaloomba kwa wakuu wa shule ni kipindi kimoja kwa wiki, dakika arobaini, kwenye ratiba, mchana kweupe, si baada ya masomo wakati watoto wana njaa na wanawaza usafiri. Kila mtoto na kitabu alichokichagua yeye. Akikiona hakimpendezi, akirudishe achukue kingine bila kuulizwa. Kiwe cha Kiswahili au cha Kiingereza. Wapo walimu wanaokataza Kiswahili hata katika kujisomea, nami nawasihi wasifanye hivyo. Msichana yule wa sketi alisoma vitabu kumi na kimoja vya Kiswahili kabla hajagusa cha Kiingereza, na siku alipokigusa alikuwa tayari anajua kwamba kurasa kumi za kwanza ni za kuvumilia. Mwalimu naye asome, waziwazi, mbele yao. Na baada ya kipindi kusiwe na maswali kumi ya ufahamu. Ukishamwambia mtoto atapimwa, atatafuta uchambuzi.

Kwa bodi za shule na wathibiti ubora nina ombi moja ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, maana bila hilo mwalimu hatafungua kabati hata mkimhubiria. Mwondoleeni deni. Kitabu cha hadithi kikiisha kwa kutumika, kiandikwe kwenye leja kwamba kimeisha kwa kusomwa, na shule ihesabiwe kuwa imefanya kazi. Mkija kukagua, msiulize vitabu vingapi vipo. Ulizeni vingapi vimechakaa na nani amevichakaza. Kabati lenye vitabu vipya vya miaka mitano iliyopita liwe ndilo linaloulizwa maswali.

Kwa wazazi wenzangu: mnaponiletea kitambaa Januari mnaleta orodha ndefu, na mnaijaza yote, hata kwa kukopa. Ongezeni kitabu kimoja cha hadithi, hata cha mtumba, akisome, akipeleke shuleni kibaki pale kwa wenzake. Darasa la watoto hamsini na wanane litakuwa na vitabu hamsini na vinane kabla ya Pasaka. Na akikisoma nyumbani, mwambieni awasimulie. Hamhitaji kujua Kiingereza. Mama yangu hakukijua.

Nimesikia pia kwamba waandishi wanatuzwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, na nilifurahi kuisikia redioni. Ningefurahi zaidi kama hadithi zinazoshinda zingefika mpaka kwenye tranka langu na makabati ya shule, yakiwa wazi.

Nimtaje mtoto mmoja zaidi, halafu nimalize. Mwaka jana kijana wa Kidato cha Tatu aliazima kitabu ambacho nilikinunua mtumba bila kukikagua. Akakirudisha siku tatu baadaye, amekasirika kweli kweli. Karatasi mbili za mwisho hazikuwepo. Nilicheka kwa mshangao, nikamsimulia ya mwaka 1989. Yeye hakucheka. Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa miguu mpaka maktaba ya mkoa, akakikuta kitabu kile kile, akakaa akanakili kurasa nne kwa mkono kwenye karatasi za daftari, mstari kwa mstari, mpaka namba za kurasa chini. Aliponiletea nikakifumua kitabu, nikapunguza karatasi zake kwa mkasi zilingane na nyingine, nikashona upya pamoja nazo. Chini kabisa alikuwa ameandika jina lake na tarehe kwa herufi ndogo, kisha akaomba radhi kwa kuchafua kitabu. Nilimwambia aliache. Kimeshaazimwa mara tisa tangu siku hiyo, kina mgongo wa kaki.

Januari na Februari mimi sipumui kwa sare. Lakini kuanzia Machi mpaka Mei kazi zinapungua. Shule yoyote ya sekondari ndani ya Manispaa itakayoweka kipindi cha kujisomea kwenye ratiba, iniletee vitabu vyake vilivyochanika. Nitavishona bila malipo, kwa uzi wangu na gundi yangu, visivyozidi thelathini kwa shule ili wengine nao wapate. Nitahitaji tu barua ya mkuu wa shule na mtu wa kuvibeba. Nipo Majengo, ukiuliza mama fundi wa sare mwenye tranka la vitabu utaelekezwa.

Mama Fundi,
Majengo, Moshi